Mrejesho: sarafu za dhahabu kwa akiba ya uzeeni

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule niliyeuliza akiba ya kustaafu niweke kwenye sarafu za dhahabu adimu za wakusanyaji au hizi za kawaida zinazouzwa kwa uzito wake. Nimechukua za uzito, na nawashukuru sana mlionisisitizia niulize bei ya kuuza kabla ya kununua, maana hapo ndo kila kitu kilijulikana. Nilimuuliza muuzaji swali moja tu, hii nikikurudishia leo leo unanipa ngapi? Krugerrand, ile sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini inayouzwa kwa uzito, akataja bei inayokaribia ya sokoni palepale, ile adimu akaanza kuzunguka, mara inategemea gredi, yani alama ya ubora inayopewa sarafu kulingana na hali yake, mara mpaka tumpate mteja. Na gredi zenyewe zinaenda 1 mpaka 70, sarafu mbili kwa macho ni mapacha kabisa ila moja 63 nyingine 65 na bei zinaweza kupishana vibaya mno, sasa nikiwa mzee nina shida ya hela naanzaje kubishana na mtu mambo hayo?

Kwa wanaoanza, Krugerrand ni karati 22 na inapima kama gramu 33.9, msishtuke, dhahabu safi ndani ni gramu 31.1 yani aunsi kamili, iliyobaki ni shaba ndo maana ina wekundu fulani. Nitaendelea kuongeza taratibu, za aunsi nzima, maana vile vidogo vya robo na moja ya kumi kwa kawaida unalipia zaidi kwa kila gramu.