Naomba ushauri: sauti ya pili ya nyimbo za Kibulgaria inanishinda

Habarini ndugu zangu. Naishi Sofia, Bulgaria, na nimejiunga na kikundi kidogo cha akina mama wanaoimba nyimbo za asili za Washopi, wenyeji wa eneo hili. Nyumbani niliimba alto kwenye kwaya ya kanisani kwa miaka mingi, lakini huku nimekwama.

Mmoja anaongoza, sisi wengine tunashikilia noti moja chini yake, na sauti hizo mbili hukaribiana mno, kama do na re zikiimbwa kwa pamoja. Wenyewe hawahesabu kuwa ni kosa. Huo ndio utamu wenyewe, na ikikaa sawasawa mwili wote unanisisimka. Tabu ni sikio langu, linanivuta kwenda mi, kama tulivyozoea kwaya. Nimejirekodi, nimeziba sikio moja, nimefanya mazoezi na kinanda. Peke yangu naweza. Tukiwa wote napotea. Tena sauti hutolewa kifuani, wazi na kwa nguvu, na nikimaliza koo linauma.

Natamani pia kujifunza ala. Gadulka, inayopigwa kwa upinde na yenye nyuzi za ziada zinazovuma zenyewe, naipenda kuliko zote, ila shingo yake haina alama za kuonyesha noti. Tambura, ala ya nyuzi inayopigwa kwa kudonoa, inazo, kama gitaa.

Waimbaji na walimu wa kwaya, ni zoezi gani litanisaidia kushika noti yangu bila kuvutwa, na bila kuumiza koo? Na kwa anayeanza ukubwani, nianze na tambura au niingie gadulka moja kwa moja?