Shingo haina kovu, kila mtu anasema nimepona: naombeni ushauri

Mama Tabata: Habari za jioni, wanajukwaa. Miezi saba iliyopita niliondolewa nusu ya tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, nchini India, baada ya kukutwa na saratani ya papilari, aina mojawapo ya saratani ya tezi hiyo, isiyofika sentimita 2. Madaktari walipitisha vifaa kwa ndani ya mdomo wa chini, kwa hiyo shingoni hakuna alama yoyote, nami wakati ule niliona ni bahati kubwa.

Bahati hiyo sasa imenigeukia. Kwa kuwa hakuna kovu, nyumbani na kazini wananichukulia kama mtu aliyekwenda kutembea akarudi. Mama mkwe husema nilipewa saratani nyepesi, nishukuru. Na kweli nashukuru, lakini usiku huamka nikaupapasa upande wa shingo uliobaki mpaka adhana ya alfajiri. Mchana nachoka hadi nasinzia kwenye daladala na kupitishwa kituo, nalia bila sababu, na kidevu bado kina ganzi. Je, haya ni ya kawaida, au ninajidekeza?

Nesi Mstaafu: Mwanangu, hujidekezi. Kabla ya kusema ni huzuni tu, kapime damu, kipimo kiitwacho TSH, kwa sababu nusu ya tezi iliyobaki wakati mwingine hushindwa kutoa homoni ya kutosha, na upungufu huo huleta uchovu, kuhisi baridi, kuongezeka uzito na hata huzuni yenyewe. Ukiandikiwa levothairoksini, yaani kidonge cha kufidia homoni ya tezi, imeze kwa maji matupu nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Chai ya maziwa isubiri, na vidonge vya kalsiamu au vya kuongeza damu vikae mbali kwa saa 4. Usitarajie nafuu ya wiki moja, kwani kipimo hurudiwa baada ya wiki 6 hadi 8. Ganzi hutokana na mishipa ya fahamu ya kidevu, ambayo iko karibu na njia ya vifaa. Kwa wengi hupungua taratibu, ila mweleze daktari.

Mpita Njia: Kwa heshima zote, dada, kuna watu hospitali ya saratani ya Ocean Road wanasubiri mionzi na hali zao ni mbaya zaidi. Shukuru, usonge mbele.

Dada wa Mbagala: Kaka, mimi ni mmoja wa hao. Niliondolewa tezi yote, nikanywa dawa ya madini joto yenye mionzi, nikakaa siku kadhaa bila kumpakata mwanangu, na sioni machozi ya mwenzangu yananipunguzia nini.

Mdogo wangu, hofu yangu hupanda wiki mbili kabla ya kliniki, kila mara, ingawa majibu yamekuwa mazuri. Kushika shingo niliacha pale daktari aliponieleza kwamba ultrasaundi huona vitu ambavyo vidole haviwezi kuvigusa. Kilichonisaidia zaidi ni kumwomba mume wangu aingie nami kwa daktari, asikie mwenyewe kwa nini ufuatiliaji huchukua miaka. Tangu siku hiyo hajatamka tena neno «nyepesi».

Mama Tabata: Shikamoo, Nesi, na asante, dada yangu. Nimefukua karatasi zangu: TSH nilipimwa mara moja tu, wiki ya sita, sikurudia. Nitakwenda Jumatatu, na mume wangu ameomba ruhusa kazini. Mama mkwe naye anataka kuja. Hilo bado sijaamua.