Mwongozaji wa Kilimanjaro anataka kuanza udalali wa bidhaa mtandaoni: aanzie wapi?

Mgumu_wa_Machame (Moshi) anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwongozaji wa watalii katika Mlima Kilimanjaro, na kazi ya mlima nimeifanya kwa miaka 11, minne ya mwanzo nikiwa mpagazi. Magoti yameanza kunidai, na kila masika yanapoingia, Aprili na Mei, hukaa nyumbani bila kipato cha maana. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikisoma kuhusu udalali wa mtandaoni, ule ambao mtu anapendekeza bidhaa kwenye ukurasa wake, msomaji anabofya kiungo, na akinunua, duka linampa dalali kamisheni.

Wazo hili nimelipata kwa wageni wenyewe. Wiki chache kabla ya kusafiri huniandikia kuuliza wanunue buti za aina gani, begi la kulalia liwe zito kiasi gani, na kama taa ya kichwani waje nayo au wakodi hapa Moshi. Majibu yangu ni yale yale kila msimu, nao huenda wakanunua vitu hivyo huko kwao Marekani, Uingereza au Ujerumani, mimi nikibaki na asante.

Sasa kuna kundi la WhatsApp linalonitaka nilipe shilingi 180,000 za mafunzo. Nikishalipa nitapewa kiungo changu cha kuwauzia wengine mafunzo hayo hayo, na kwa kila atakayejiunga kupitia kwangu nitapata nusu ya ada yake. Nina simu nzuri, kompyuta mpakato ya zamani, Kiingereza cha kujieleza tu, na akiba ya shilingi 300,000. Je, nilipe? Na kama si huko, nianzie wapi, na fedha zitanifikiaje nikiwa Moshi?

Mzee_wa_Soweto (Moshi) anajibu:

Usilipe, mwanangu. Jiulize swali moja tu: katika kundi hilo, ni nani aliyenunua kitu kwa sababu anakihitaji? Kama kila anayelipa analipa ili naye apate wa kumlipisha, huo ni upatu, hata ukivalishwa jina la mafunzo. Sisi wa umri wangu tunaikumbuka DECI, upatu uliowakusanyia watu fedha, ambayo Serikali iliisimamisha mwaka 2009 wakati watu walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" kwa fedha za ada za watoto na wengine kwa fedha za mauzo ya ng'ombe. Udalali wa kweli haumtozi dalali kiingilio. Kuhusu kompyuta sina la kukuambia, nawaachia wanaojua.

Fundi_Kurasa (Nairobi) anajibu:

Nakubaliana na mzee, na shikamoo yake. Nimekuwa katika kazi hii kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaeleza jinsi inavyokwenda, maana wanaoanza wengi hupotea katika mambo ambayo yameandikwa wazi kwenye masharti, ila hakuna anayeyasoma.

Kaka, wewe una kitu ambacho wengi wetu hatuna: wanunuzi wako tayari wanauliza, na wanaishi katika nchi ambazo duka linawafikishia mzigo mlangoni. Kijana anayeweka viungo vya Amazon kwa wasomaji wa Tandika kule Dar es Salaam au Kayole hapa Nairobi anahangaika bure, kwa sababu msomaji hana kadi, na hata akiwa nayo, gharama ya usafirishaji inazidi bei ya bidhaa. Wewe utaandika kwa ajili ya mtu wa Denver au Manchester, kwa hiyo mpango wa uwakala wa Amazon, ambao ulianza mwaka 1996 na haudai kiingilio, unakufaa kuanzia.

Lakini usikimbilie kujisajili. Ukishakubaliwa unapewa siku 180 za kuleta angalau mauzo matatu, na yasipopatikana akaunti inafungwa. Tengeneza kwanza tovuti yenye kurasa nane au kumi zilizokamilika, uone kwamba watu wanazisoma, ndipo uombe. Akiba yako inatosha jina la tovuti na nafasi ya kuihifadhi kwa mwaka mmoja, na chenji itabaki. Usinunue vikorombwezo vingine.

Kamisheni si kubwa. Katika duka la Marekani, viatu na mavazi hulipa asilimia 4, vifaa vya michezo na vya nje asilimia 3. Buti za dola 160 zitakupa dola 6 na senti 40. Begi la kulalia la dola 200 litakupa dola 6. Msomaji akishabofya kiungo chako, una saa 24: karibu chochote atakachonunua ndani ya muda huo kinahesabiwa kwako, hata kama alikuja kutazama soksi akaondoka na sanduku la safari. Akikiweka kitu kwenye kapu ndani ya saa hizo, muda wa kitu hicho husogea hadi siku 90.

Sasa yale yanayofungia watu akaunti. Huruhusiwi kununua kupitia kiungo chako mwenyewe. Huruhusiwi kuweka viungo hivyo kwenye karatasi ya kuchapwa, na mgeni akikuandikia mtumie anwani ya ukurasa wako, naye atabofya akiwa humo. Usiandike bei kwa mkono wako, kwa kuwa bei za duka hubadilika kila mara na ukurasa wako utakuwa unasema uongo kufikia jioni. Usichukue picha dukani ukazipakia kwako. Piga zako, buti zikiwa na tope la mlima. Mwisho, sema wazi kwenye kila ukurasa kwamba unapata kamisheni kutokana na manunuzi. Amazon inadai hivyo, na Tume ya Biashara ya Marekani nayo inadai hivyo kwa yeyote anayependekeza bidhaa kwa malipo.

Kuhusu fedha, kamisheni za mwezi mmoja hulipwa takriban siku 60 baada ya mwezi huo kwisha. Wengi wetu hupokea kwa akaunti ya Payoneer, huduma ya kupokea fedha kutoka nje kwa mtandao, kisha tunahamishia benki ya nyumbani. Kwa kuwa wewe si mkaazi wa Marekani, utajaza fomu ya kodi iitwayo W-8BEN; ni fupi, usiiogope, ila majina yafanane na ya pasipoti au kitambulisho. Na kodi ya kwenu ipo pia. Huku Kenya, tangu Julai 2023 malipo ya maudhui ya kidijitali, udalali huu ukiwemo, yanakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenu nenda ofisi ya TRA na namba yako ya mlipakodi, uwaulize wenyewe kabla fedha hazijaanza kuingia.

Bint_Shangani (Zanzibar) anajibu:

Kaka wa Machame, Fundi amekueleza masharti vizuri. Mimi nitakueleza kuandika, kwa sababu ndiko nilikopoteza mwaka mzima.

Nilipoanza tovuti yangu ya wageni wanaokuja Unguja, nilikusanya orodha za vitu 20 vya kubeba, nikanakili sifa za kila kimoja kama zilivyoandikwa dukani. Hakuna aliyesoma, na kwa nini asome, wakati maneno hayo hayo yapo dukani kwenyewe? Kamisheni yangu ya kwanza ilikuja mwezi wa tano: senti 72 za dola, kwa kofia ya jua. Iliuzwa na ukurasa mmoja tu, ule nilioeleza kwa nini kofia yenye ukingo mgumu haifai kwenye boti ya kwenda Mnemba, kwa sababu upepo unaingia chini yake na kuirusha baharini, na kwamba nimeziona tatu zikienda kwa siku moja. Hilo halikuwa dukani.

Wewe unayo ya namna hiyo kwa mamia. Mimi nimepanda mara moja tu, kwa njia ya Machame, na mwongozaji wetu alitukataza kutegemea mfuko wa maji wenye mrija usiku wa kwenda kileleni, kwa kuwa maji ndani ya mrija huganda mapema kuliko ya kwenye chupa. Alitufundisha kuigeuza chupa kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na mdomo hubaki wazi. Vilevile alituambia tulale na betri za taa ndani ya begi la kulalia. Ukurasa mmoja wenye hayo, pamoja na kiungo cha chupa ya mdomo mpana uliyoitumia mwenyewe, una thamani kuliko orodha zangu zote 20. Andika pia vitu ambavyo wasinunue, kwa sababu vinakodishwa Moshi kwa bei nafuu. Msomaji aliyeokolewa dola 200 za begi la kulalia atakuamini kwenye buti.

Kiingereza kisikutishe. Jirekodi ukimweleza mgeni kama unavyozoea, andika hayo hayo, kisha mwombe mmoja wa wageni wako wa zamani asahihishe. Usitumie maandishi ya kutafsiriwa na mashine bila kuyapitia. Mimi yaliniandikia kwamba ngalawa ni aina ya samaki.

Tahadhari moja. Usiweke viungo vya kuuza safari za kampuni nyingine kabla hujazungumza na kampuni inayokuajiri. Mimi nilifanya hivyo nikiwa na kazi ya mapokezi, na mwajiri aliniona msaliti hata kabla sijapata senti. Wewe huenda ukakubaliana nao kwa maandishi kwamba mgeni atakayetoka kwenye tovuti yako ana kamisheni yake, na hiyo itazidi buti nyingi sana.

Mgumu_wa_Machame (Moshi):

Nawashukuru wote, na shikamoo mzee. Kundi la WhatsApp nimejitoa usiku ule ule, wakaniandikia mara tatu kwamba nafasi yangu inachukuliwa na mwingine. Nimeanza kuandika ukurasa wa buti. Naanza na mgeni mmoja aliyekuja na buti mpya kutoka kwenye boksi, saizi yake kamili bila nafasi ya kidole, akafika kilele cha Uhuru salama, kisha akapoteza kucha mbili akishuka kutoka kambi ya Barafu kwenda Mweka, kwa kuwa vidole viligonga mbele kwa saa nyingi. Swali langu la mwisho: wageni wangu wengi ni Waingereza na Wajerumani. Kiungo cha duka la Marekani kitawafaa?

Fundi_Kurasa (Nairobi):

Hakitawafaa kikibaki peke yake, kaka. Amazon ya Uingereza na ya Ujerumani zina mipango yao, na kila mmoja unajiunga nao kivyake. Upo utaratibu wao uitwao OneLink unaompeleka msomaji kwenye duka la nchi yake kwa kiungo kile kile, lakini anza na duka moja, la nchi yenye wasomaji wengi, uongeze la pili ukishaizoea kazi. Na usitegemee duka moja milele: Aprili 2020 Amazon ilipunguza viwango vya Marekani, samani zikashuka kutoka asilimia 8 hadi 3, na watu waliokuwa wameacha ajira wakarudi kutafuta ajira. Ukurasa wa buti ukiwa tayari, uweke hapa tuusome kabla hujautangaza. Kisa cha kucha kiache pale pale juu.