Mtoto wa miaka 3 choo kigumu hakiishi: dawa inasaidia, ikikatwa tu tatizo linarudi

MamaNaomi_Moro

Wakuu, habari za muda huu. Naomba msaada kwa wenye ujuzi wa watoto.

Mtoto wa kiume, miaka 3 na miezi 2, kilo 13. Tangu aachishwe ziwa anapata choo mara moja au mbili kwa wiki, kikavu, kinene kama cha mtu mzima, na mara nyingine kina mstari wa damu nyekundu kwa juu. Akibanwa anakimbilia nyuma ya mlango, anasimama kwa vidole vya miguu, anakaza makalio, jasho linamtoka, anasukuma na hakuna kinachotoka.

Zahanati walimpa laktulosi kijiko kimoja cha chai usiku kwa siku 5. Choo kililainika, dawa ilipoisha mambo yakawa yale yale. Gliserini ya kuweka nyuma ilisaidia mwanzoni, sasa akiona pakiti tu analia. Dawa ya minyoo ameshapewa. Maziwa ya ng'ombe anakunywa sana, chakula anadonoa.

Naulizia: niende hospitali ya ngazi gani na nidai vipimo gani? Na hii dawa akiitumia muda mrefu, utumbo hautazoea? Bibi yake anasisitiza kipande cha sabuni cha kuweka nyuma.

Muuguzi_Watoto

Pole sana dada. Nianze na hapo nyuma ya mlango, maana ndipo wengi wanapokosea. Mtoto anayesimama kwa vidole na kukaza makalio hasukumi. Anazuia. Alishaumia siku moja, kwa hiyo kila haja ikija anaibana mpaka ipite. Choo kinabaki ndani, utumbo mpana unaendelea kufyonza maji yake, kinakuwa kikavu na kikubwa zaidi, kikitoka kinachana njia ya haja kubwa (ndiyo hiyo damu nyekundu juu ya choo), na hofu inaongezeka. Ukimwambia "sukuma, sukuma" unamtisha tu, na ukimpiga ndiyo unaharibu kabisa.

Hali hii ikikaa miezi, sehemu ya mwisho ya utumbo inatanuka, na ikitanuka hisia ya kubanwa inapungua. Ndiyo maana siku 5 za dawa hazitoshi: choo kimelainika, lakini utumbo bado mpana na mtoto bado anaogopa.

Watoto wengi sana wenye shida hii hawana ugonjwa mwingine nyuma yake. Ila kuna dalili ambazo ukiziona usihangaike na papai nyumbani. Je, alichelewa kutoa choo cha kwanza baada ya kuzaliwa, kile cheusi cha kunata, zaidi ya saa 48? Shida ilianza kabla hajafikisha mwezi 1? Tumbo limevimba sana na anatapika, hasa matapishi ya kijani? Haongezeki uzito? Choo chembamba kama utepe? Miguu dhaifu, au kuna kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo? Njia ya haja kubwa imekaa mbele kuliko kawaida? Moja tu kati ya hizo inatosha kumpeleka mapema. Tumbo kuvimba pamoja na matapishi ya kijani au homa, hiyo ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mfamasia_Tanga

Naongezea upande wa dawa, kwa sababu dozi aliyopewa ni ndogo na muda ni mfupi mno.

Laktulosi ya maji ina takriban gramu 3.3 kwa kila mililita 5. Kwa umri wa mwaka 1 hadi 4 dozi ya kawaida ni mililita 2.5 hadi 10, mara 2 kwa siku. Yeye alipata mililita 5 mara 1, tena kama kijiko ni cha nyumbani huenda hata 5 haikufika. Ombeni duka la dawa kikombe chenye mistari au bomba la sindano bila sindano yake. Matokeo yanaweza kuchukua siku 2, kwa hiyo usiongeze dozi kila baada ya saa chache. Gesi na tumbo kunguruma siku za mwanzo ni kawaida. Akianza kuhara, punguza kiasi, usiikate.

Kuhusu kuzoea: hapana. Laktulosi ni aina ya sukari ambayo mwili wa mtoto hauifyonzi, inabaki ndani ya utumbo na kuvuta maji. Haichapi misuli ya utumbo wala haiufanyi mvivu. Kinachoonekana kama "kuzoea" ni dawa kukatwa kabla utumbo haujarudi ukubwa wake. Miongozo ya madaktari wa mfumo wa chakula wa watoto inataka dawa ya kuendeleza itumike angalau miezi 2, na isianze kupunguzwa mpaka dalili zote ziwe zimekwisha kwa angalau mwezi 1. Kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Chupa 1 haitafika huko, ipangieni bajeti.

Ipo dawa nyingine, makrogoli 3350, unga wa kuchanganya na maji, ambayo miongozo hiyo inaitanguliza kuliko laktulosi. Haipo kila duka na bei yake iko juu. Mkiipata, mhakikishe si ile pakiti kubwa ya kusafisha utumbo wa mtu mzima kabla ya kipimo. Na vile vidonge vya kuharisha vya watu wazima, usikate nusu ukampa mtoto.

MamaNaomi_Moro

Asanteni sana. Nilisahau kitu: siku hizi chupi inachafuka na choo cha majimaji, kidogo kidogo, yeye mwenyewe hana habari. Jirani anasema sasa anaharisha, nimpe ORS na zinki, na nisimamishe laktulosi. Nimechanganyikiwa.

Tabibu_wa_Wilaya

Mama, huko si kuharisha. Kuna bonge la choo kigumu limeziba, na choo laini cha juu kinapenya pembeni yake na kuvuja. Mtoto hasikii kwa sababu utumbo umetanuka, kama Muuguzi alivyoeleza. Usimwadhibu kwa kujichafua, na kamwe usimpe dawa ya kufunga kuharisha, itamziba zaidi. Zinki na ORS hazina kazi hapa.

Lakini taarifa hii inabadilisha mpango. Kukiwa na bonge, dawa ya kuendeleza peke yake inaweza kuongeza uvujaji bila kuliondoa. Kwanza atolewe choo kilichogandamana, ndipo dozi ya kila siku ianze. Hili lifanyike chini ya mhudumu. Kwa makrogoli dozi ya kusafisha ni gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo kwa siku, kwa siku 3 hadi 6. Kwa kilo 13 ni kama gramu 13 hadi 20 kwa siku. Chupi zitachafuka zaidi siku hizo, ni dalili kwamba linatoka. Makrogoli isipopatikana, hospitali inaweza kumpa enema (dawa ya maji inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa) mara 1 kwa siku kwa siku hizo hizo 3 hadi 6. Enema za fosfeti za dukani msimpe nyumbani: kwa mtoto mdogo zinaweza kupandisha fosfeti na kushusha kalsiamu ya damu kwa hatari, na chini ya miaka 2 hazitakiwi kabisa.

Ngazi ya hospitali: anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Kama baada ya kusafishwa na dozi sahihi hakuna mabadiliko, uombe rufaa kwa daktari bingwa wa watoto, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mwenye dalili za hatari alizotaja Muuguzi anapelekwa moja kwa moja, bila kupitia miezi ya majaribio.

Vipimo usidai. Namaanisha hivyo. Mtoto asiye na dalili za hatari anatambuliwa kwa maelezo yako na kupapaswa tumbo. Mara nyingi bonge linashikika upande wa kushoto chini ya kitovu. Eksirei si ya kila mtoto. Kupima tezi ya shingo au kalsiamu kunafanyika pale matibabu yakishindwa au kuna dalili inayoelekeza huko. Kipande kidogo cha ukuta wa utumbo kinachukuliwa pale tu inaposhukiwa Hirschsprung, ugonjwa wa kuzaliwa ambapo sehemu ya mwisho ya utumbo haina seli za neva, kwa hiyo hailegei kupitisha choo. Huo ni wa upasuaji, na madaktari wa upasuaji wa watoto wako hospitali kama Muhimbili, KCMC na Bugando.

Mkojo ufuatiliwe pia. Bonge linaweza kubana kibofu. Mtoto akikojoa kitandani ghafla au akilalamika mkojo unauma, apimwe.

Siku ya kwenda, beba kadi ya kliniki (mstari wa uzito unamwambia daktari mengi), chupa zote za dawa, na karatasi ya wiki 2: tarehe, choo kilikuwa vigololo, gogo lenye nyufa au laini, kuna damu, chupi imechafuka mara ngapi. Picha ya simu ni bora kuliko maelezo ya nusu saa. Na jibu la swali la choo cha kwanza baada ya kuzaliwa ulitafute kabla hujaondoka, muulize hata bibi yake.

Lishe_na_Afya

Tabibu yuko sawa, naomba tu niguse chakula, kwa sababu hapa watu hushauri "mpe maji mengi na papai" halafu basi.

Maji zaidi ya anayohitaji yatakuwa mkojo, si choo laini. Umri huu anahitaji kama lita 1.3 kwa siku, ukijumlisha maziwa, uji na mchuzi. Nyuzinyuzi, kanuni rahisi ni umri jumlisha 5, yaani gramu 8 kwa siku. Si nyingi: nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa ni gramu 6 hivi, parachichi gramu 100 karibu 7. Ugali wa dona badala ya sembe, matembele, kunde, embe, yote sawa. Ila usimjaze nyuzinyuzi kabla bonge halijatoka, atavimba gesi bure.

Jambo kubwa kwake ni maziwa. Anayekunywa kutwa hali chakula, basi. Yasizidi nusu lita kwa siku, kwenye kikombe, baada ya chakula. Maziwa mengi pia huchangia upungufu wa madini ya chuma. Akipewa dawa ya kuongeza damu nayo inaweza kukausha choo, kwa hiyo mwambie daktari kama anaitumia. Matibabu sahihi yakishindwa, daktari anaweza kuwashauri muache maziwa ya ng'ombe kabisa wiki 2 hadi 4 kujaribu. Kumhamishia ya mbuzi si kuacha, protini zake zinafanana mno.

Baba_Kulwa

Kwa heshima zote kwa bibi, mbona sabuni imetumika miaka yote na watoto wamekua?

Muuguzi_Watoto

Kaka, inatoa choo kwa sababu inawasha utando wa ndani, na utando ukiwashwa unajikamua. Hapa tayari kuna mpasuko, ni sabuni juu ya kidonda. Inaweza kuunguza na kuvimbisha. Kupiga bomba la majani ni vivyo hivyo, tena mkorogo haujulikani una nini. Dada, mwambie bibi kwamba mtoto amekatazwa kuwekewa chochote nyuma isipokuwa kwa maelekezo ya daktari. Akisikia "daktari amekataza" inakuwa rahisi kuliko mkibishana.

Kazi ya bibi iwe hii: baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha jioni, mtoto akae kwenye poti dakika 5, si zaidi, hata kama hakuna kitu. Tumbo likipokea chakula utumbo mpana nao unaamka, ndiyo maana baada ya kula. Miguu ikanyage chini au kwenye kigoda, magoti yawe juu kuliko nyonga. Choo cha shimo mkao wake wa kuchuchumaa ni mzuri, shida ni mtoto kuogopa shimo, kwa hiyo poti kwanza. Mpe puto apulize akiwa amekaa, tumbo linasukuma lenyewe bila yeye kukaza makalio. Asifiwe kwa kukaa, si kwa kutoa. Na kama hajamaliza kuzoea poti, msimlazimishe sasa: mrudishieni nepi mpaka choo kitoke bila maumivu kwa wiki kadhaa, ndipo muanze upya.

MamaNaomi_Moro

Nimeelewa, asanteni. Bibi amethibitisha choo cha kwanza alipata siku ile ile aliyozaliwa. Kesho tunakwenda hospitali ya wilaya. Laktulosi nianze leo au nisubiri?

Tabibu_wa_Wilaya

Subiri wampapase tumbo kwanza. Kama bonge lipo wataanza kulitoa. Usiondoke bila kuandikiwa vitu 3: dozi ya kusafisha na siku zake, dozi ya kila siku baada ya hapo kwa mililita au gramu (si "kijiko"), na tarehe ya kurudi. Wakisahau kukuandikia ya pili, rudi dirishani uwaulize.