Kompyuta zina nguvu hivi, mbona programu bado zinajikokota?

loopu_isiyoisha ameuliza:

Wakuu habari za mihangaiko. Kuna kitu kinanikera na naomba majibu ya kitaalamu, msianze kuitukana laptop yangu maana ni mpya, RAM gigabaiti 32, diski ya SSD, kila kitu kipo.

Asubuhi nafungua programu ya kuchati ya kazini, kuchati tu jamani, maandishi na vikatuni, kaduara kanazunguka wee mpaka nakata tamaa, ikija kufunguka imeshameza karibu gigabaiti nzima ya RAM na hapo hakuna hata aliyenitumia meseji. Jioni nikisema nitulie nipige gemu naambiwa subiri kwanza apdeti ya gigabaiti 60. Gemu la Super Mario Bros la 1985, lote, na ramani zake na muziki na maadui wote, lilikuwa kilobaiti 40. Piga picha ya skrini ya hilo gemu kwa simu ya leo, picha peke yake inaweza kulizidi gemu zima kwa ukubwa.

Mimi mwenyewe ni developa kwa hiyo siulizi kama mtu wa nje. Kuna jamaa kazini kila siku anatuimbia kwamba ni uvivu, eti vijana wa siku hizi hatukuanza na lugha ya C, ile inayokulazimisha kupanga memori mwenyewe, ndo maana memori hatuijui hata harufu. Simkubali ila sina hoja ya kumjibu. Ni uvivu kweli au kuna kingine?

---

assembla_mzee amejibu:

Kijana, jamaa yako ana hoja, usimkimbie.

Kompyuta iliyoongoza Apollo 11 kutua mwezini 1969 ilikuwa na memori ya kudumu karibu kilobaiti 72 na ya kufutika kilobaiti 4. Nne! Na wakati wanashuka ikaanza kupiga kengele ya 1202, maana yake kazi zimezidi, kuna rada ilikuwa inaiibia muda wa prosesa. Unajua ilifanya nini? Ilijiwasha upya, ikatupa kazi zisizo na umuhimu, ikaendelea na zile za kutua, watu wakatua salama. Ile tabia haikutokea kwa bahati, kuna watu walikaa chini wakapanga kabisa kwamba siku mashine ikielemewa, hiki kiachwe na hiki kisiachwe. Programu yako ya kuchati ikielemewa inafanyaje? Inaganda, basi.

Niklaus Wirth, yule mwanasayansi wa kompyuta aliyetunga lugha ya Pascal, alishaandika 1995 kwamba programu zinakuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyoongezeka mbio. 1995! Na hapo alikuwa bado hajaona ya leo.

---

seva_ya_dada amejibu:

Mzee wangu shikamoo, na heshima zote, ila hapa nakupinga.

Ya Apollo ni kweli tupu ila ile kompyuta haikuandika Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, haikusimba meseji, haikumsomea skrini mtu asiyeona, na haikutakiwa kufanya kazi kwenye aina elfu za simu. Sehemu ya huo uzito tumeununua wenyewe kwa kupenda na mimi sitaki kurudi nyuma.

Sasa loopu, kuhusu hiyo programu ya kuchati. Nyingi zimejengwa kwa Electron, maana yake ndani yake kuna brauza nzima ya Chromium inasafiri nayo. Ukifungua programu tatu za namna hiyo una brauza tatu juu ya ile unayoperuzia. Sio kwamba aliyeandika hajui memori, ni kwamba bosi wake ana timu moja na anataka Windows, Mac na Linux kwa mpigo. Ni uamuzi wa pesa, na anayelipia ni RAM yako, kampuni haioni hata senti ikitoka. Ungekuwa wewe ndo bosi ungeamua hivyohivyo, tusidanganyane.

Lakini kuna uzito mwingine ambao haujaamuliwa na mtu yeyote na huo ndo unaniuma. GTA Online watu walikuwa wanasubiri dakika kadhaa kuingia, gemu la 2013 hilo, miaka inapita wanasubiri tu. 2021 jamaa mmoja wa nje, hana hata msimbo wa gemu lenyewe, akaona kitu kimoja: wakati wa kuloadi, diski imetulia, mtandao umetulia, ila kiini kimoja cha prosesa kinachemka asilimia 100. Akachimba. Akakuta gemu linasoma faili la JSON, yaani data iliyoandikwa kama maandishi, la megabaiti 10 hivi lenye orodha ya vitu kama 63,000 vya kununua, na ile fankisheni ya kusoma, kila inapotaka kuchukua neno moja inahesabu kwanza urefu wa maandishi yote yaliyobaki mpaka mwisho wa faili. Kila neno! Halafu kila kitu kikisomwa kinalinganishwa na vilivyotangulia, kimoja kimoja kuanzia mwanzo, kuhakikisha hakijirudii, ukipiga hesabu inakaribia mara bilioni 2, na vyenyewe havijirudii kabisa.

Akatengeneza, dakika sita zikawa kama moja na sekunde hamsini. Rockstar, wenye gemu, wakamlipa dola 10,000 na mwezi Machi wakatoa apdeti.

Mzee nakuuliza, aliyeandika ile alikuwa mvivu? Naona kabisa siku anaiandika orodha ilikuwa na vitu vichache, ikapita hata kabla hujapepesa jicho, akahamia kazi nyingine. Orodha ikakua, na hakuna aliyetumwa kurudi kuangalia. Hakuna aliyepima. Kwangu mimi jibu la swali la loopu ndo hilo, hatupimi.

---

pikseli_mbovu amejibu:

dakika sita mimi nilikuwa naenda kuoga narudi bado mawingu tu 😂😂 kumbe ilikuwa inahesabu herufi

---

fremu60 amejibu:

Niongezee upande wa magemu maana ndo napolia kila siku.

Sisi kupima tunapima sana, hatuna ujanja, fremu 60 kwa sekunde maana yake una milisekunde 16.7 kumaliza kila kitu, fizikia, akili ya maadui, sauti, kuchora, ukizidisha mchezaji anaona gemu linakwama na anakuja kukutukana hadharani. Ndo maana ndani ya gemu mambo yanaenda ila ukitoka kwenye fremu, yaani kuloadi na ukubwa wa faili, hakuna mtu ameshika saa.

Mfano ni Helldivers 2 kwenye PC. Lilikuwa limefika gigabaiti kama 150. Sababu? Data zilezile zimerudiwa mara nyingi ndani ya faili. Na huo sio ujinga, ni mbinu ya zamani kabisa, diski ya kuzunguka inapoteza muda mwingi kurusha kichwa chake huku na huku, kwa hiyo unarudia picha ya mti uleule karibu na kila ramani inayouhitaji ili isome kwa mstari mmoja. Wakaogopa wakiondoa marudio, wenye diski za zamani watasubiri mara kumi zaidi, na hicho kipimo kilitoka kwenye data za jumla za tasnia, sio kwenye gemu lao. Walipokuja kupima wenyewe, mwishoni mwa 2025, wakakuta muda mwingi wa kuloadi unaliwa na kutengeneza ramani, kazi ya prosesa, diski haihusiki sana. Gemu likashuka mpaka gigabaiti 23 na wale wa diski za zamani wakaongezewa sekunde chache tu.

Kwa hiyo hapo hata uvivu hakuna. Walikuwa waangalifu! Waangalifu kwa kitu ambacho hakikuwepo.

---

loopu_isiyoisha amejibu:

Daah hii ya kichwa cha diski nimeipenda.

Sasa shida yangu ni hii, nikisema kazini tupime, bosi ananijibu kwamba kuboresha kasi mapema ndo chanzo cha maovu yote, Knuth, yule profesa mkongwe wa kompyuta, kasema, mazungumzo yameisha. Nimjibuje huyu

---

seva_ya_dada amejibu:

Mwambie asome na sentensi za jirani. Ni makala ya 1974, na alichosema Knuth ni kwamba tusahau maboresho madogomadogo ya kasi kwa asilimia kama 97 ya wakati, LAKINI ile 3 muhimu tusiiachie. Halafu palepale anasema hiyo 3 usiikisie, maana waliotumia zana za kupimia wote wamegundua makisio yao hayakuwa sahihi. Yani mtu anamtumia Knuth kukataa kupima wakati Knuth anamwambia apime 🤦🏾‍♀️

---

assembla_mzee amejibu:

Marahaba binti yangu. Ya GTA nakubali ni kukosa kupima. Ila bado nakwambia, mtu aliyezoea kubanwa anaisikia kasoro hata bila kipimo. Mfano mzuri ni xz, Machi 2024. Andres Freund, developa wa hifadhidata ya PostgreSQL, alikuwa anapima vitu vyake vingine kabisa akaona kuingia kwa ssh, njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, kunakula prosesa kupita kawaida na kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Wangapi humu tungeiona? Tungesema mtandao. Yeye akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya laibrari ya kubana mafaili, toleo 5.6.0 na 5.6.1, na aliyepandikiza alikuwa amejifanya msaidizi mwema wa mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Bado kidogo mlango huo uingie kwenye matoleo imara ya Linux karibu dunia nzima.

Hiyo ni tabia, haifundishwi kwa zana.

---

fremu60 amejibu:

Mzee lakini umesema mwenyewe "alikuwa anapima" 😄

---

assembla_mzee amejibu:

Nilijua mtalidaka hilo. Sawa, lakini zana ilimpa namba tu, aliyekereka ni yeye. Siku hizi watu wanaona namba mbaya wanaongeza seva.

Na kama mnataka watu wa kubanwa hasa, angalieni Voyager 1, chombo cha anga cha NASA. Novemba 2023 ilianza kutuma takataka tupu, chipu moja imekufa kwenye kompyuta ya kupanga data, ikaondoka na kama asilimia 3 ya memori. Chombo cha 1977, wakati huo kilikuwa kilomita zaidi ya bilioni 24, meseji ilikuwa inasafiri saa 22 na nusu kwenda tu, kurudi saa hizohizo tena. Ule msimbo uliokuwa kwenye chipu haukuwa na sehemu hata moja ya kutosha kuuhamishia mzima, wakaukata vipande, wakavitawanya kwenye nafasi zilizobaki, wakarekebisha kila rejeo la memori lionyeshe anwani mpya, Aprili 2024 wakatuma, wakakaa kusubiri karibu siku mbili kujua kama wameua chombo au wamekiponya. Kikajibu vizuri. Sisi apdeti ikifeli tunabonyeza kitufe cha kurudisha ya jana.

---

pikseli_mbovu amejibu:

saa 45 kusubiri jibu la apdeti moja na mimi kompaila ikizidi dakika nafungua yutubu

---

loopu_isiyoisha amejibu:

Asanteni wakuu, nimepata cha kumpelekea bosi. Swali la mwisho, programu yetu yenyewe nayo inawaka polepole, tumeshaanza kubishana kazini kama tubadilishe freimuweki nzima. Nianzie wapi?

---

seva_ya_dada amejibu:

Msibadilishe chochote bado. Chukua profaila, zana inayoonyesha programu inatumia muda wapi, irekodi kuanzia unapobofya ikoni mpaka skrini ya kwanza inayotumika, na uifanye kwenye mashine ya mtumiaji wa kawaida, sio hiyo yako ya gigabaiti 32, na iwe akaunti yenye data za miaka, usije ukapimia akaunti tupu ya majaribio. Kisha angalia swali moja tu kwanza: prosesa inachemka au imekaa inasubiri? Kama inasubiri, tafuta maombi ya mtandao yanayopangana foleni wakati yangeweza kwenda pamoja, hapo mara nyingi ndo penye nyama. Kama inachemka, tafuta kitu kinachosomwa chote wakati kinahitajika kidogo. Rudi na hiyo rekodi humu tuisome, ukiweza ficha majina ya wateja.

---

fremu60 amejibu:

Na ipime mara kadhaa mkuu, mara ya kwanza baada ya kuwasha mashine ni tofauti kabisa na mara ya pili, mfumo unakuwa umeshaweka mafaili kwenye RAM. Watu wengi wanapima ile ya pili halafu wanashangaa watumiaji wanalalamika nini.