Tupeane uzoefu: nesi au mkunga wa kwetu ambaye hutomsahau

UaLaMlangilangi (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Binti yangu anasoma uuguzi, chuo cha Mbweni. Mwezi wa tano walisherehekea Siku ya Wauguzi, ile ya tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale. Jioni alirudi nyumbani, hata buibui hajavua, akaniuliza: "Mama, na wauguzi weusi wa zamani walikuwa nani?" Nikamtajia bibi yake, yaani mama yangu, aliyefanya kazi wadi ya wazazi zaidi ya miaka thelathini. Akasema, "Huyo namjua. Kabla ya bibi?"

Sikuwa na jibu. Mwanamke mzima, mtoto wa nesi, sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nasoma kila nikipata nafasi, na aliyenikaa moyoni ni Mary Seacole. Alizaliwa Kingston, Jamaica, 1805. Mama yake alikuwa mganga wa dawa za miti na ana nyumba ya wageni, maaskari wagonjwa wakija kulala pale akiwauguza. Mary alijifunza kwa kumtazama mama yake, akitoka hapo anakwenda kumfunga bendeji mtoto wake wa bandia. Kipindupindu kilipoingia Kingston 1850 alikuwapo. Mwaka uliofuata yuko Panama, kikamkuta huko huko, akauguza watu mpaka naye kikamshika.

Vita vya Crimea, vya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, vilipoanza alikwenda London, 1854, kuomba apelekwe pamoja na wauguzi wengine. Kila mlango aliobisha haukufunguliwa. Mwenyewe ameandika kwamba alijiuliza kama sababu ni ngozi yake. Lakini hakurudi kwao! Alijilipia nauli, na mwaka 1855 akajenga karibu na Balaclava nyumba ya mabati na mbao za kuokota, hapo akiuza chakula na kutoa dawa, na siku za mapigano akipanda na mkoba wake mpaka waliko majeruhi. Vita vilikwisha 1856, akarudi Uingereza amefilisika. Alikufa 1881. Sanamu yake pale hospitali ya St Thomas', London, ilisimamishwa 2016. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati.

Nilipofika kwenye habari za mama yake nilifunga simu nikakaa kimya. Maana huyo mama ni bibi zetu. Huyo ni mama wa makamo wa mtaa wowote wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, anayeitwa usiku kuna mtoto ana degedege, anatoka na kanga mbili na kichupa cha mafuta.

Sasa naomba tupeane uzoefu. Nesi, mkunga, mhudumu wa wadi, yeyote aliyekuuguza wewe au wako. Majina kamili tusiandike, familia zao zipo.

MvuviWaKojani

Waalaykum salaam dada. Mie ni wa Kojani, Pemba. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mkunga, na mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwake.

Kojani ni kisiwa. Hospitali ya Wete unaifikia kwa kuvuka maji kwanza, kisha utafute gari. Na uchungu hauangalii maji. Yakipwa, chombo kinakaa juu ya tope, na mzazi analia ndani. Kwa hiyo alikuwa yeye na kandili yake. Kikapu chake cha ukili kilikuwa kimetundikwa nyuma ya mlango, sisi watoto haturuhusiwi hata kukigusa: uzi, wembe mpya haujafunguliwa karatasi, vitambaa vilivyochemshwa na kuanikwa juani, mafuta ya nazi. Akitoka usiku namsikia anasoma dua njia nzima.

Kazi yake haikuishia kwenye kukata kitovu. Kwa siku arubaini anakwenda asubuhi na jioni kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumfunga tumbo, kusimamia uji wake wa pilipili manga, na kumtazama mtoto macho yasije yakawa manjano. Malipo ni kanga, au ratili ya sukari, au kuku. Asiye na kitu hatoi kitu, na jambo hilo halizungumzwi.

Baadaye wakunga wa vijijini waliitwa kwenye mafunzo, wakapewa visanduku vya vifaa. Alikuwa hajui kusoma, lakini aliporudi alikuwa mkali kuliko daktari kwa kunawa mikono. Na jambo moja alikuwa nalo hata kabla ya mafunzo: alijua ujuzi wake unakomea wapi. Akiona damu haikatiki hamngojei mume wala mjomba. Anatoka uani anawaita wavuvi kwa sauti, wanne wanabeba kitanda cha kamba mpaka ufukweni, na yeye ndani ya chombo amemshika mkono mgonjwa mpaka Wete.

Amefariki, Allah amrehemu. Kikapu anacho shangazi yangu.

Kijana_wa_Amani

Kwa heshima zote, mkunga wa jadi na nesi ni vitu viwili. Nesi ana masomo na cheti. Tusichanganye.

SistaMstaafu

Mwanangu wa Amani, nakujibu kwa sababu nimekaa pande zote mbili.

Nilianza kazi Mnazi Mmoja siku hizo inaitwa Hospitali ya V. I. Lenin. Nilianza kwa kufagia. Nikipiga deki, nikimwaga mabakuli, nikikunja mashuka, na huku naangalia sista anavyochoma sindano na anavyoandika chati. Miaka mitano hivi. Kisha sista mmoja, mwanamke wa hapa hapa Unguja, akaniambia, "Wewe una mkono mwepesi, kasome," akanijazia fomu yeye mwenyewe. Bila ya yeye ningestaafu na ufagio. Ufagio si aibu, lakini mimi nilitaka kuuguza.

Ndiyo maana habari za Mary Mahoney wa Boston zinanigusa. Alifanya kazi miaka kumi na tano katika hospitali moja ya wanawake na watoto, akipika, akifua, akisafisha, ndipo akapokewa kusoma pale pale mwaka 1878, umri wake 33. Walioanza darasa lile walikuwa 42. Waliomaliza 1879 ni wanne, na yeye mmoja wao. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kupata cheti cha uuguzi. Afrika Kusini yuko Cecilia Makiwane, aliyesajiliwa 1908, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa kule. Kwa hiyo vyeti vipo, na walivitolea jasho.

Sasa kuhusu wakunga. Nimepokea wazazi walioletwa wamechelewa siku mbili, na vichanga wenye pepopunda kwa sababu kitovu kilikatwa kwa kitu kichafu. Sitolificha hilo kwa kuwapenda bibi zetu. Lakini nimewapokea pia wale walioletwa na mkunga kama huyo wa Kojani, anakuja anakueleza uchungu umeanza saa ngapi, maji yamevunjika saa ngapi, rangi yake ipi, mtoto amelalaje. Maelezo hayo yaliokoa roho za watu wakati daktari mmoja ana wadi tatu. Siku ya kwanza nilipofanya zamu ya uzazi niliogopa hata kumshika mtoto, na aliyenionesha namna ya kumgeuza begani ni mkunga mzee aliyekuja na mgonjwa wake. Cheti nilikuwa nacho mimi.

Kijana_wa_Amani

Nimekufahamu mama. Samahani. Nimempigia mama yangu sasa hivi kumuuliza mimi nilizaliwa kwa nani. Kumbe ni nyumbani, kwa mkunga, 1994, mvua za masika, barabara haipitiki.

BintiMalindi_Ughaibuni

Mama yangu alitoka Unguja kwenda Uingereza 1962, kusomea uunesi. Alikuwa na miaka 19, na koti aliloazimwa na jirani wa Kigoa. Waingereza walikuwa wakihitaji mikono: huduma yao ya afya ya taifa ilianzishwa 1948, na hospitali zao zilijazwa na wasichana wa Karibiani, wa Afrika Magharibi, na wachache wa kwetu.

Kuna jambo alilisema mara moja tu, akiwa mgonjwa mwenyewe. Kule kulikuwa na mafunzo ya aina mbili, ya miaka mitatu na ya miaka miwili. Ya mitatu ndiyo yanayokupandisha, unaweza kuwa sista, unaweza kuwa metroni. Ya miwili unabaki pale pale kando ya kitanda maisha yako yote, na nchi nyingi walizotoka wasichana wale hazikukitambua cheti chake. Wasichana weusi wengi walisukumwa kwenye yale ya miwili bila kuelezwa tofauti. Mama alikuwa na alama za kuingia ya mitatu. Hospitali aliyofikia wakamwekea karatasi mbele, akatia saini. Aligundua mwaka wa pili, alipomuuliza mwenzake wa kizungu kwa nini yeye bado ana mwaka mzima mbele.

Alianza upya. Akasoma tena mitatu, mchana darasani na usiku zamu, na pesa za nyumbani Malindi hazikukatika hata mwezi mmoja.

Na kuna siku mgonjwa alimwondoa mkono, akasema hataki kuguswa naye. Nimesoma kwamba yalimfika hayo hayo Kofoworola Abeni Pratt, Mnigeria aliyeingia skuli ya Nightingale pale St Thomas' mwaka 1946. Yule alirudi kwao akawa metroni wa kwanza Mnigeria katika hospitali kuu ya Ibadan. Mama hakurudi, 1964 ilikwishapita na nyumbani kumebadilika. Alimaliza kazi kule kule akiwa sista wa wadi ya wazee. Yule mgonjwa aliyemwondoa mkono, alinambia, usiku wa tatu alimwita kwa jina, akaomba maji.

ZamuYaUsiku

Mimi si mwandishi, lakini nitasema.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba. Nilikuwa nyumbani, sikuwa na zamu. Tulipigiwa simu, na wengine hawakungoja simu. Waliookolewa waliletwa ngozi imekunjamana kwa maji ya chumvi, mafuta ya meli machoni na kwenye nywele. Wasichokumbuka watu ni kwamba manesi wengi wa Unguja ni watu wa Pemba. Tulikuwa tunawasafisha watu na huku tunatazama nyuso. Mwenzangu alikuwa na mdogo wake ndani ya meli ile. Alifanya kazi mpaka adhuhuri. Kila machela ikiingia anaangalia, kisha anaendelea. Adhuhuri alivua glavu, akaniambia, "Mimi sasa nakwenda Maisara," ambako maiti walikuwa wamelazwa watambuliwe.

Alimkuta huko. Baada ya siku saba alirudi kazini.

Makame_Mkunazini

Nami ni muuguzi, mwanamme, na kila nilichojua kabla ya kuajiriwa nilifundishwa na wanawake watatu. Mmoja alinifundisha kumgeuza mgonjwa aliyelala miezi bila kumtia kidonda. Mpaka leo nafanya vile vile, mkono wa kushoto chini ya nyonga.

UaLaMlangilangi

Nimewasoma wote, nimelia, nimesoma tena. Sista Mstaafu, naomba ruhusa binti yangu akutafute, nitakuandikia pembeni. Na ZamuYaUsiku, mfikishie mwenzio salamu zangu na pole, hata kama miaka imepita.

Juzi binti alikaa na bibi yake uani, simu imewekwa irikodi. Saa mbili na nusu. Mama ana miaka themanini na zaidi, jana amekula nini hakumbuki, lakini zamu zake anazo zote kichwani. Alitoa picha moja, ya 1961, mbele ya wadi: wasichana watano, gauni nyeupe, viatu vyeupe vimepakwa chaki. Wanne amewataja, jina na mtaa na nani aliolewa wapi. Binti ameyaandika nyuma ya picha kwa penseli. Watatu wamefariki, wa nne ni yeye.

Wa tano hamkumbuki jina. Amesimama mwisho kulia, mrefu, saa ameibandika kifuani. Mama anakumbuka kuwa alikuwa akitoka Tumbatu, alikuwa na sauti nzuri ya kusoma maulidi, na ndiye aliyekuwa akiitwa mtoto akizaliwa hapumui. Aliacha kazi kabla ya Mapinduzi. Kama kuna mtu wa Tumbatu humu mwenye bibi aliyefanya kazi hospitali ya mjini miaka hiyo, tafadhali niandikie pembeni, nitakutumia picha.