Haro ya kuvuta na tela: naihamishaje, naihifadhije bila banda?

Kijana wa Kibaya
Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Nimepata haro (ile zana ya sahani za kuvunjia mabonge ya udongo shambani) ya kuvuta sahani 20, ile yenye matairi yake ya haidroliki siyo ya kubebwa mgongoni, pamoja na tela la tani 5 ekseli moja, vyote mtumba viko Kibaigwa na mimi niko Kiteto. Trekta ninayo hp 85. Muuzaji anasema funga tela halafu haro nyuma ya tela uondoke na vyote siku moja, dereva wangu anasema haro iingie ndani ya tela, mwingine ananiambia tafuta fuso. Na vikifika ni kukaa tu mpaka mwezi wa 11, banda sina, kuna mgunga mmoja uani. Nifanyeje?

Mzee Difu
Marahaba. Hilo la kufunga haro nyuma ya tela lifute kabisa. Ukikanyaga breki kwenye mteremko haro inalisukuma tela, tela linaisukuma trekta, inajikunja katikati na hapo hata uwe dereva wa zamani kiasi gani huna la kufanya.

Kuipakia ndani ya tela kwa uzito inakubali, haro hiyo inapita tani moja ila tano haifiki. Kasheshe ni kupandisha na kushusha, Kibaigwa winchi utapata, huko kwako je? Watu wanaishusha kwa mitarimbo na miguu yao iko chini palepale. Kama huna jinsi basi ikae mbele kidogo ya ekseli, maana tela la ekseli moja likizidiwa nyuma linanyanyua drobaa, kile chuma cha chini nyuma ya trekta tela linapofungwa, na matairi makubwa ya trekta yanakosa mshiko.

Mimi ningeenda trip mbili. Haro inyanyue kwa haidroliki halafu chomeka pini ya kufungia matairi yake, wengi wanaiacha eti haidroliki inashika, paipu ikipasuka njiani sahani zinajikita kwenye lami. Funga kwenye drobaa ya chini, usifunge juu kwenye toplinki, ule mkono wa juu nyuma ya trekta, trekta itabinuka kinyumenyume ikulalie. Pini iwe pini kweli na klipu yake, siyo kipande cha nondo. Pedali mbili za breki ziunganishe kwa kile kilachi chake maana ukikanyaga moja tu barabarani unageuka. Mteremko ingia na gia ndogo kabla hujaanza kushuka, nyutro usithubutu. Usiku lala, haro ni pana kuliko trekta na lori linalokuja nyuma halioni kitu, hata mchana weka reflekta na vitambaa vyekundu pande zote mbili. Halafu wale vijana wa lifti wanaokaa kwenye madigadi na kwenye drobaa, kataa, wakikuita mchoyo waite tu.

Fundi Grisi
Mzee kamaliza ya njiani, mimi niongee ya kulala. Kabla ya kupaki osha udongo wote hasa katikati ya sahani na kwenye beringi, udongo unashika unyevu na kutu inaanzia hapo. Piga grisi kwenye kila nipo (kile kichuchu cha kuingizia grisi) mpaka ile ya zamani itoke. Kaza nati kubwa za shafti za sahani, hizi zikilegea sahani zinacheza na msimu ukianza shafti inakatika. Sahani zipake grisi.

Usiiache imenyanyuliwa!! Ishushe juu ya mbao, vuta lever trekta ikiwa imezimwa ili presha itoke, kisha funika ncha za paipu, vumbi la Kiteto likiingia ndani pampu inaumia. Ukihisi paipu inavuja usipapase kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha inatoboa ngozi, utaona kidonda kidogo kama cha sindano ukakidharau, ni cha kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Tela liweke juu ya magogo matairi yasiguse chini, yafunike yasipigwe na jua. Mgunga unatosha ila kata miiba.

Nyuki Mkali
Grisi ya nini fundi, si oili chafu tu? Gereji wanatoa bure

Fundi Grisi
Kutu inazuia sikatai. Ila mvua ikinyesha inashuka ardhini na hapo ni uani kwa mtu, kuna kuku na watoto. Ndoo moja ya grisi haikufilisi.

Kijana wa Kibaya
Asanteni sana. Nimempigia muuzaji, kumbe tela halina paipu ya breki, anasema breki za trekta zinatosha. Kweli?

Mzee Difu
Tela likiwa tupu, na mwendo wa taratibu, sawa. Sasa wewe hesabu gunia 50 za kilo mia mia, hizo ni tani 5, na tela lenyewe juu yake, hiyo trekta yako ni nyepesi kuliko mzigo. Mwambie aunganishe paipu na akuonyeshe breki zinakamata magurudumu yote mawili, akikataa punguza hela ya fundi kwenye bei. Na uliza kama mguu wa jeki wa mbele upo, maana wanaotoa tela kwenye trekta likiwa limeegemezwa kwenye tofali nawajua, mmoja kidole hana.